Vifuniko vya Bati

4 Januari 1916

Mvua ya pili imenyesha na uwele wetu umechomoza. Leo wanawake wa kanisa tumepanga zamu za kupalilia, na kama kila mwaka tumegombana. Kwa majirani zetu wasiobatizwa kazi hii ni rahisi: mwenye shamba anapika pombe, anaita watu, wanalima wakiimba, jioni wanakunywa. Sisi pombe tumekatazwa, na hakuna mtu atakayeinama juani kutwa nzima kwa ajili ya uji. Kwa hiyo tunalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na asiyekwenda kwa mwenzake naye haendewi.

Bibi Priska alitaka tuanze kwake kwa sababu ya magoti yake. Nikamwambia magoti hayo mbona siku za harusi huwa mazima. Sila, mume wangu, akanikanya mbele za watu. Yeye ndiye mwalimu wa kanisa hapa kwetu, upande wa Nzuguni. Wazungu wetu wa misheni ni Waingereza, na serikali ya Wadachi, hawa Wajerumani, imewachukua tangu mwaka jana kwa sababu ya vita, kwa hiyo sasa Sila ndiye anayehubiri, anayefundisha na anayezika. Mwalimu anatakiwa awe na mke mpole. Yeye amepata mimi.

Emilia alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Mwalimu, wewe mbinguni watakuwekea kigoda pale mlangoni, uwagombeze wanaochelewa."

Emilia na mimi tulibatizwa siku moja. Alikuwa akimfulia nguo Bibi wa misheni, na alikuwa akiniletea sabuni iliyobaki. Nilipofiwa na mtoto wangu wa pekee, yeye ndiye aliyelala nami chini kwenye ngozi mpaka nilipoweza kula. Sina dada wa tumbo moja, na sijawahi kumhitaji.

10 Januari

Tumepalilia kwa Bibi Priska. Magoti hayakumzuia kusimama juu ya vichwa vyetu akihesabu magugu tuliyoyaacha.

15 Januari

Mvua.

27 Januari

Askari wamepita wakikusanya wapagazi wa kubeba mizigo ya vita. Wamemchukua Matonya, mume wa Emilia. Yeye si Mkristo, ila ni mtu mwema, na alipofungwa kamba kiunoni aliomba tu aachiwe ugoro wake.

Emilia alikuja kwangu na watoto wake watatu, mdogo yuko mgongoni. Hakulia. Alisema, "Sasa sina mtu ila Mungu na wewe."

Nikamwambia, "Mungu ana kazi nyingi. Anza na mimi."

Akacheka kidogo. Tukaomba pamoja, kisha tukapika mlenda, watoto wakala hadi wakasinzia. Sila alisema mzaha wangu juu ya Mungu si mzuri. Nilimjibu kwamba Mungu ananijua zaidi ya anavyonijua yeye.

12 Februari

Jua tupu. Majani ya uwele yamejikunja. Wazee wanasema mvua imekimbia kwa sababu sisi wa kanisa hatukuchangia kondoo mweusi wa tambiko. Sila amewajibu kwa adabu. Mimi nimenyamaza, na imeniuma kunyamaza.

20 Februari

Jua.

23 Februari

Jua. Emilia na mimi tumefunga kula ili kuomba mvua. Saa za mchana Emilia alisema, "Mungu akichelewa kutujibu, tutakuwa tumekwisha fika kwake wenyewe kwa miguu." Nimecheka hadi nikaona kizunguzungu.

26 Februari

Mvua! Imenyesha hadi dari ya tembe imevuja juu ya kitanda. Sila alihamisha kitanda huku akiimba. Namshukuru Mungu. Nilisema atajibu, ingawa moyoni nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

18 Machi

Uwele umetoa masuke, na ndege wa kwelea wamekuja. Wanashuka shambani kama wingu, na wakiinuka wanaacha vijiti vitupu. Tangu alfajiri nimekuwa juu ya dungu nikipiga kelele na kurusha udongo. Sauti imenikauka. Sila anasema huu ndio ukimya wa kwanza nyumbani mwake tangu anioe.

20 Machi

Emilia amekuja na akili mpya. Bibi wa misheni, kabla hajachukuliwa, alimpa vifuniko vya makopo ya biskuti, vile vya bati, watoto wachezee. Amevitoboa kwa msumari, tukavifunga kwa kamba za katani juu ya miti mirefu, nusu katika shamba langu na nusu katika lake. Upepo ukivuma vinageuka, jua linavipiga, vinamulika huku na huku. Ndege wakishuka wanaona mwanga, wanakimbia.

"Hata jua tumelitia kazini," Emilia alisema.

Tulikaa chini ya dungu tukala karanga bila kupiga kelele hata moja. Siku nyingi sikuwa nimefurahi hivyo.

30 Machi

Ndege wamepungua. Nimefuma mkeka.

8 Aprili

Nitaandika, maana nisipoandika nitapiga mtu.

Asubuhi watoto walikuwa wakisoma nje ya kanisa, ndipo askari wakaja. Walikwenda kwanza shambani kwangu. Niliwaona wakiangusha miti, nikakimbia nikidhani wanataka kuni. Mmoja alishika kifuniko kimoja, akakigeuza juani, mwanga ukapita usoni pangu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya ndege."

"Ndege yupi? Ndege wa Kiingereza?"

Wakacheka wote. Kumbe wenzao wanaolinda reli wanakaa juu ya kilima, na wamekuwa wakiona mwanga ukimulika kutoka mashambani kuelekea kaskazini, upande ambako Waingereza wanasemekana wanakuja. Na shamba ni la nani? La mwalimu wa Waingereza. Basi mambo yakawa yamekamilika vichwani mwao. Walikwenda moja kwa moja kwa Sila, wakamfunga mikono mbele ya wanafunzi wake. Aliomba amalizie somo. Wakampiga kitako cha bunduki.

Sila akaniambia, "Raheli, watoto waende makwao. Na wewe usiwatukane hawa." Niliwatukana. Wamekwenda naye.

Nilipogeuka, niliangalia shamba la Emilia. Miti yake ilikuwa imesimama, lakini haikuwa na kifuniko hata kimoja. Amevitoa. Nilifikiri, mwanamke mwenye akili, ameviondoa ili visituletee balaa zaidi. Ndivyo nilivyofikiri.

11 Aprili

Leo shauri la Sila limesikilizwa bomani, Dodoma. Nimekwenda na Emilia. Njia nzima nilimshika mkono, nikamwambia asiogope. Maneno yenyewe yalikuwa machache: aseme kwamba vifuniko alipewa na Bibi kabla nyumba ya misheni haijafungwa, kwamba ni yeye aliyevitoboa, kwamba ni vya ndege. Hakuna mtu mwingine duniani awezaye kulisema hilo, kwa maana Bibi mwenyewe amefungwa mbali. Emilia akaitikia kwa kichwa.

Mdachi alikaa pembeni akiandika. Akida ndiye aliyeuliza. Sila alisema ukweli wake, nikasema wangu. Kisha akida akamwita Emilia mbele, akamwekea vifuniko miguuni.

"Wewe ulikuwa mfuaji wa wale wazungu. Unavijua hivi?"

Emilia aliviangalia. Mtoto alikuwa mgongoni akinyonya kidole. Akasema, "Sivijui, bwana."

"Shamba lako lina kitu kama hiki?"

"Hapana, bwana. Mimi naamia ndege kwa mikono."

"Huyu mwalimu na mkewe ni rafiki zako?"

Akasema, "Tunasali pamoja tu."

Nilipiga kelele. Nilimwita kwa jina lake la zamani, lile la kabla ya ubatizo. Askari akanisukuma ukutani. Emilia hakuniangalia. Alifunga vizuri kanga ya mtoto, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa na haraka, akatoka.

Wamempiga Sila hamsa ishirini, mapigo ishirini na matano, kwa kiboko. Wamemrudisha ndani akisubiri wakubwa waamue.

Nimerudi peke yangu. Tunasali pamoja tu. Mungu wangu, kwa nini umenipa moyo wa kumpenda mtu huyu miaka yote hii, kama ndivyo alivyo?

12 Aprili

Sikuomba leo.

13 Aprili

Sikuomba.

16 Aprili, Jumapili

Hakuna mwalimu, basi tumeimba tu. Emilia alikaa mlangoni. Tulipokwisha, nilitoka kupitia pale pale alipokuwa, pindo la kanga yangu likamgusa usoni. Sikuomba radhi.

25 Aprili

Amepita Hassani, mchuuzi wa chumvi, mtu wa Kondoa. Sila aliwahi kumsomea barua zake bila kumtoza kitu. Anasema Waingereza wamekwisha ingia Kondoa, na yeye hawezi kurudi kwao mpaka njia zipoe. Hofu imezidi bomani. Amemwona Sila barabarani akivunja mawe, mnyororo shingoni, wanaume sita katika mnyororo mmoja.

"Mimi nampa chumvi kidogo kwenye jani," alisema. "Anawagawia wote sita, Mama Mwalimu. Mimi mfanyabiashara, inaniuma kuona."

Muislamu kutoka Kondoa anamletea mume wangu chumvi, na dada yangu wa maji ya ubatizo amemkana. Niambieni mimi nifanye nini na hilo.

3 Mei

Wiki iliyopita uwele ulikuwa tayari kuvunwa, zamu zikarudi. Wanawake walikusanyika kwangu, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mwisho Bibi Priska akauliza, "Na kwa Emilia twende lini?"

Nikasema, "Nendeni mkitaka. Mimi siendi."

Hakuna aliyekwenda. Wiki nzima Emilia amevuna peke yake na binti yake Ruthu, ambaye hata kufikia masuke hawezi. Ndege walikuwa wakila upande mmoja, wao wakikata upande wa pili. Nilikaa kivulini nikiwatazama. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

14 Mei

Nimefika Dodoma na ugali, mlenda na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Hassani alisema na mlinzi, nikaruhusiwa kukaa na Sila kando ya mawe. Amekonda. Mnyororo umemchubua, kidonda kina inzi. Nilianza kumwosha kwa upande wa kanga.

Neno lake la kwanza, baada ya kunisalimu, lilikuwa hili: "Mama Ruthu hajambo?"

Niliacha kumwosha. "Nimetembea tangu alfajiri na chakula kichwani, nawe unamuulizia yule?"

"Matonya hajarudi?"

"Hajarudi."

"Basi ana watoto watatu na hana mume. Raheli, wakikuita tena kukuuliza, usimtaje."

"Sila! Ni yeye tu awezaye kukutoa hapa."

"Alikuwa anaweza. Sasa amekwisha sema havijui. Ukisema ni vyake, ataonekana mwizi na mwongo. Watamtia mnyororo huu. Mtoto wake mdogo ananyonya bado."

"Na wewe?"

"Mimi Mungu ananiona."

"Basi akuone mapema," nikasema, "maana inzi wamekwisha kukuona."

Akacheka, kikohozi kikamshika. Nimerudi nikiwa nimemkasirikia Emilia, nimemkasirikia Sila, nimemkasirikia Mungu aliyemfundisha Sila kusema hivyo. Mnapendana ninyi watatu, na mimi ndiye ninayebeba ugali.

19 Mei

Upepo. Mtama, tunaouvuna baada ya uwele, unakauka vizuri. Bibi Priska ameleta tui la karanga, akakaa nami hadi jioni, jambo ambalo si kawaida yake.

22 Mei

Nimeitwa bomani. Safari hii Mdachi hakuwapo, ni akida tu na mwandishi wake. Sila alisimama karibu na ukuta. Akida hakunikaripia. Aliniletea kigoda na maji, ndipo nikaogopa kweli.

"Mama," alisema, "nyumba ya wale wazungu imefungwa, na vilivyomo ni vya serikali. Bati hizi zimetoka humo. Mumeo anasema hakuzitoa, na mimi karibu namwamini. Basi yuko aliyezitoa. Nitajie jina moja tu. Nikipata mwizi, mumeo si mpelelezi tena, atabaki hapa hapa avunje mawe hadi vita viishe, nawe utamletea chakula. Usiponitajia, kesho kutwa anapandishwa gari la moshi na walimu wengine, wanapelekwa Tabora. Kule sijui kama wanarudi."

Jina la Emilia lilikuwa mdomoni. Sikuhitaji hata kusema uongo: vifuniko ni vyake, mikono iliyovitoboa ni yake, wazo ni lake. Niliwaza mnyororo ukihama kutoka shingo hii kwenda ile, na nikaona ni haki. Nilifungua kinywa.

Sila alinitazama. Hakutikisa kichwa wala kukunja uso. Alinitazama kama anavyowatazama wanafunzi wake wanapotafuta jibu wanalolijua.

Nikasema, "Ni mimi. Nilipewa na Bibi zamani, kabla nyumba haijafungwa. Nimevitundika kwa mkono wangu, ni vya ndege."

"Ulifanya kazi kwa wale wazungu?"

"Hapana."

"Basi alikupa kwa lipi?"

Nikanywa maji aliyoniletea. Akida akaguna, akamwambia mwandishi, "Mke anamfunika mumewe. Andika hivyo." Ikawa imekwisha.

Mke wa mwalimu amesema uongo mbele ya serikali kwa ajili ya mtu aliyemwuza mwalimu mwenyewe. Ningependa kuandika kwamba ni Roho Mtakatifu aliyenizuia. Sina hakika. Huenda ni kiburi changu tu: sikutaka mimi na Emilia tufanane.

24 Mei

Wameondoka. Nilisimama ng'ambo ya reli pamoja na wanawake wengine. Sila alitolewa kwenye mnyororo ili apande, na alipofika juu alinitafuta kwa macho hadi akaniona. Akaweka mkono kifuani. Mwanamke aliyekuwa karibu nami aliniuliza kama yule ni mume wangu, nikasema ndiyo, akasema, "Anakupenda." Nilimwambia ningeweza kumbakisha. Aliniangalia kama mwendawazimu.

Gari lilipokwenda, niliomba, kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Sikuomba vizuri. Nilisema: Nimekupa wote wawili, sasa Wewe shika angalau mmoja.

28 Mei

Nimekwenda kwa Emilia. Nilitaka kumwambia usoni. Nilitaka ajue nilichofanya na bei yake, nimwone anavyolia, kisha niondoke. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na yalikuwa makali, ningeyajivunia.

Mlango wa tembe ulikuwa umezibwa kwa miiba. Majivu ya jikoni yalikuwa ya baridi. Kuku hakuna, chungu hakuna. Mtama wake umesimama shambani, mwekundu, umekauka hadi unaanza kupukutika.

Bibi Priska alinikuta pale. Nilimshika miguu kama desturi, naye akanishika bega.

"Amekwenda kwa kaka yake, Kibakwe," alisema. "Siku ile ile ulipoitwa bomani. Alikuja kwangu mbio akaniuliza, 'Ni kweli Raheli ameitwa?' Nikasema kweli. Hata maji hakunywa. Akasema, 'Basi amenitaja. Nani asingenitaja?' Akafunga watoto, akaenda."

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu.

Alipomkana Sila, niliumia, lakini niliuelewa woga. Woga hata mimi ninao. Hili silielewi. Tumelala ngozi moja, tumefunga kula pamoja, tumecheka wote mvua na jua, na wakati wote huo alikuwa akiniona mimi ni mtu wa kumtaja. Hakusubiri hata nirudi kutoka bomani aniangalie uso. Nililia kama ambavyo sikulia siku alipochukuliwa mume wangu. Bibi Priska aliniacha nilie, akasema magoti yake hayamruhusu kukaa chini nami, la sivyo angekaa.

29 Mei

Sikutoka ndani.

2 Juni

Hassani amepita kuaga. Waingereza wanakaribia, biashara Dodoma imekufa, naye anapeleka chumvi yake upande wa Mpwapwa, kisha vilimani.

"Utafika Kibakwe?" nilimuuliza.

"Inshallah."

"Kuna mwanamke huko, Emilia, ana watoto watatu, mkubwa anaitwa Ruthu. Yuko kwa kaka yake."

Hassani akakunja uso. Anajua habari zote, kwa kuwa hakuna asiyezijua. "Yule? Mama Mwalimu, mwache yule."

"Mwambie sikumtaja. Mwambie nilisema ni mimi, na Sila amepelekwa Tabora. Mwambie kwa maneno hayo hayo, usiyatie sukari."

"Nitamwambia."

"Na mwambie mtama wake umekauka. Sisi wanawake tumeanza kuuvuna leo, zamu ya kwanza ni yake. Tunauweka kwangu. Arudi auchukue, watoto wasife njaa huko ugenini."

Aliinua mzigo wake, akaufunga vizuri begani, lakini hakuondoka. Akasimama akichezea kamba.

"Akiniuliza kama umemsamehe, nimjibu nini?"

Nilitazama shamba. Bibi Priska alikuwa tayari ameanza kutugombeza kwamba tunakata mashina marefu mno.

"Mwambie bado," nilisema. "Lakini arudi."